Kifungo cha kuficha mu motokari: bibi yako anakijua?

Siku zilizopita tulikuwa watu nane pa arè, tunangojea bisi ya kampuni ya posti ya asubui, mazungumuzo yakaangukia ku wizi wa motokari. Mumoja wetu, Noah ya jirani yake ilichukuliwa mbele ya lango, usiku wa siku ya mushahara, na hakuna mutu mu kartie aliyesikia kitu. Hapo muzee mumoja wa karakana, mutu mwenye tunamuheshimu sana juu ya mikono yake, akasema: "Bale benye kuweka kupesirkwi banatupa feza. Mwizi wa leo anayua yote." Watu sita wakaitika. Miye sikuitika, lakini bisi ilifika mbele nijibu, na mu bisi watu wanalala. Basi najibu hapa.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kupesirkwi ni kifungo kidogo chenye fundi anaweka mahali pa kufichama mu motokari, juu ya kukata umeme ku kiungo kimoja chenye moteri haiwezi kuwaka bila yake. Ufunguo unaingia, taa za tablo zinawaka kama kawaida, lakini moteri inakataa. Mutu mwenye kujua anapeleka kidole mahali pake, anasukuma, anaondoka. Mwenye hajui anabaki pale anazungusha ufunguo. Ni ile tu. Haipigi kelele, haiite polisi, haifungi mulango. Na bei yake, mwenye Noah anaitumia mu mafuta ya siku mbili.

Kama ninaandika na moto kidogo, munisamehe, ni juu ya papa yangu.

Papa alitumika mu Gécamines miaka 29. Mu 2003 na 2004 kulikuwa ule mupango wenye waliita Départs Volontaires, wenye Banki ya Dunia ilitolea feza. Wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliachana na kampuni, kila mutu na dekonti yake mukononi. Wenye waliishi zile siku wanajua. Kuna wenye walinunua mashini ya kusaga mihindi, kuna wenye walikimbilia mashamba, kuna wenye walilipa madeni na feza ikaishia pale pale. Papa alinunua Hiace ya mukono wa pili, juu ya kufanya taksibisi. Aliisafisha yeye mwenyewe kila mangaribi, na hakutaka mutu amusaidie.

Ile Hiace ilitumika miezi mitano. Usiku ililala inje, mbele ya nyumba, juu lango letu lilikuwa jembamba. Usiku moja papa alisikia moteri inawaka, akazania ni ya jirani mwenye kuuzisha mukate, juu yule aliamukaka mapema. Akageuka upande mwengine, akalala. Asubui alikuta alama za mipira mu vumbi na kiatu kimoja cha plastike.

Mutu aliwasha ile bisi na turnevisi. Hakuitaji kingine. Miaka 29 ya shimo na ya karakana iliondoka mu wakati wenye mutu anatumia kwa kuvaa suruali. Dada yangu aliacha masomo mwaka ule. Miye niliendelea juu ndugu ya mama alinichukua kwake Likasi. Papa alitunza ufunguo wa Hiace mupaka kufa kwake. Ungali ku musumari nyuma ya mulango, na mama hataki tuutoe.

Sasa, kama kulikuwa kifungo mu ile Hiace, sisemi haingeibiwa. Siye Mungu. Nasema wangekawia. Wangefungua kapo, wangepigana na nsinga, wangesukuma, wangesemezana. Na papa alikuwa mutu wa usingizi mwepesi. Mara moja tu, moteri iliwaka mbio, ndiyo alidanganyika.

Hapo ndipo muzee wetu wa karakana anakosea. Kweli, mwizi anajua mengi. Mupe mwizi motokari yangu saa nne ya muchana, chini ya muembe, na taa ya kupimia umeme na mutoto wa kumuletea chai, atapata kifungo changu. Lakini haibi chini ya muembe. Anaiba chini ya dirisha ya mutu mwenye kulala, santineli wa jirani iko anakohoa pale pembeni, imbwa moja imekwisha kuanza kubweka. Kazi yake yote ni kuenda mbio. Moteri ikikataa, hajui ni batri, hajui ni mafuta, hajui ni nini. Swali siyo kama anaweza kuvumbua. Swali ni kama atabaki pale juu ya kuvumbua.

Tuingie mu kazi yenyewe, juu watu wengi wanalipa fundi bila kujua wamenunua nini. Moteri ya esansi inalomba vitu vitatu: kuzungushwa, kupata mafuta, na kupata moto ku boji. Unaweza kukata kimoja, chochote. Lakini haviko sawa.

Kukata ku demareri ndiko kunanipendeza. Kuna nsinga moja nyembamba inayotoka ku kontakti kwenda ku demareri. Unaikata, unapitisha mu kifungo, imekwisha. Uzuri wake: siku kifungo kitakuharibikia, kitakuharibikia ukiwa umesimama, hakitazima moteri mu safari. Ubaya wake: motokari ya vitesi vya mukono, vijana watatu wanaisukuma na inawaka. Lakini muangalie sasa motokari zenye tunanunua leo. Noah, IST, Vitz, karibu zote ni otomatike. Otomatike hausukumi ikawaka, hata ukileta kartie nzima. Kwa hizi, demareri inatosha. Inabaki njia moja kwa mwizi: kufungua kapo na kupeleka umeme moja kwa moja ku demareri. Basi ufunge kapo. Mafundi wengi wanakuwekea kifungo cha siri na wanaacha kapo inafunguka na vidole. Ni kama kufunga mulango na kuacha dirisha.

Kukata ku pompe ya mafuta, watu wanakupenda juu ni kwa kuchekesha. Mafuta yenye kubaki mu mufereji ingali na nguvu. Moteri inawaka, inatembea kidogo, kisha inakufa. Mwizi anajikuta pa kona ya njia, kati ya watu wenye kutoka ku matanga, na motokari isiyo yake. Vizuri. Lakini hapa fundi mubaya anaweza kukuchomea nyumba. Pompe inakula umeme mwingi, na kifungo kidogo cha redio hakiwezi kuubeba. Kitapata moto, kitayeyuka. Fundi mwenye kujua hapitishi umeme wa pompe mu kifungo. Anaenda ku relè. Relè iko na miguu mine yenye inatuhusu: 30 na 87 inapitisha umeme mukubwa, 85 na 86 ni ya kuamuru tu, inabeba umeme kidogo sana. Unakata ku 85 ao 86. Wenye kutumika ku umeme wa karakana wanacheka hapa, juu ndiyo kazi yao ya kila siku. Muwasaidie majirani basi, musicheke peke yenu.

Kukata moto wa boji ilikuwa njia ya motokari za zamani, zenye karbirateri. Mu motokari za enjeksio, muachane na nsinga za kalkilateri. Fundi akikuambia atakata pale, muitie mwengine.

Dizeli haina boji. Lakini Hilux na Land Cruiser za zamani, zenye pompe ya enjeksio ya mekanike, nyingi ziko na kiungo kidogo ku ile pompe chenye kinafungua mafuta kikipata umeme. Kikikosa, mafuta inafungika na moteri haiwaki. Unakata ile nsinga moja. Ila kiungo chenyewe kinaonekana mara moja ukifungua kapo, na mwizi mwenye kipande cha nsinga anaweza kukilisha moja kwa moja toka ku batri. Tena kapo. Narudilia kapo juu hakuna mutu anataka kusikia habari ya kapo.

Sasa nitubu. Kifungo changu cha kwanza kiliwekwa mu garaji moja, bei nzuri, saa moja tu ya kazi, na miye nikafurahi. Walikata ku pompe, na hawakupitia ku relè. Walitumia nsinga za spika za redio, wakazikunja pamoja na vidole, wakazungusha skochi. Miezi mitatu ikapita. Siku moja nilikuwa ku barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, mu mutelemuko, lori ya shaba nyuma yangu, na moteri ikazimika. Mutu mwenye haijamufikia hajui. Usukani unakuwa muzito kama jiwe. Frein inakusaidia mara mbili, mara tatu, kisha pedali inakuwa ngumu. Nilijitupa pembeni mu majani. Lori ikapita na klakso yake. Nilipofungua chini ya tablo, skochi ilikuwa imeyeyuka kama sukari. Mwizi hakufika bado, na kifungo changu kilikuwa karibu kuniua.

Kwa hiyo ukiweka, lomba vitu hivi bila haya: nsinga ya unene wa kutosha, kuunganisha kwa kuchomelea na bati ao kwa viungo vya kubana, fizibli karibu na mahali umeme unachukuliwa, na nsinga zifungwe zisicheze. Barabara zetu zinatikisa. Vumbi la kule kwetu linaingia mupaka mu meno. Kitu chenye kimefungwa na vidole hakitakaa.

Na kukificha wapi? Siyo chini ya usukani, upande wa fizibli, pale ndipo mukono wa mwizi unaenda wa kwanza. Siyo chini, mahali maji ya mvua inasimama. Ikuwe mahali unafikia ukikaa, bila kuinama kama mutu anayetafuta pete, juu jirani anakuangalia kila asubui. Noah zetu zilitoka Japani na vibuto vyenye maandishi ya Kijapani. Hata mwenye motokari hajui kimoja ni cha nini. Kati ya vile kuko chenye hakitumiki tena. Siendelei. Na jambo moja lenye fundi hatapenda nilisema: mwambie akuachie nsinga ndefu, metre mbili, zimefungwa vizuri. Kisha weye mwenyewe, nyumbani, Siku ya Mungu nyuma ya misa, unahamisha kifungo mahali pengine. Fundi ni mutu muzuri, lakini iko na mwanafunzi, na mwanafunzi iko na marafiki.

Nimekwisha kusema mengi juu ya mwizi. Kitu chenye kilinisukuma kuandika siyo mwizi.

Miaka miwili inapita. Mwezi wa kwanza, mvua kubwa. Nilikuwa posti ya usiku. Kwetu telefone inabaki mu kazye. Huwezi kushuka nayo. Kifungo changu cha pili, kile kizuri, cha ku demareri, kilikuwa mahali pake, na kilikuwa kimefungwa kama kila usiku. Hakuna mutu alikijua zaidi yangu na fundi. Nilijisifu nacho hata.

Saa nane ya usiku mutoto wetu wa pili, wa miaka mine, alipata homa kali. Macho ikageuka, mwili ukakauka. Mama yake alimuita jirani, mwenye kutembeza taksi. Yule ndugu alikuja mbio, Mungu amubariki, akachukua ufunguo, akaingia mu motokari. Ikakataa. Akazania batri. Alileta batri yake mwenyewe toka kwake, chini ya mvua. Ikakataa. Vijana wa lango la pembeni walikuja kusukuma. Otomatike! Walisukuma mupaka pa kona. Mama alinipigia mara kumi na saba. Telefone ililia mu kazye, ndani ya viatu vyangu.

Mwishoni alimufunga mutoto mu mugongo na kitambala, akapanda piki ya wewa, na mvua ile, mupaka ku hospitali. Ilikuwa malaria. Walimuwekea seromu. Aliishi. Leo iko anasoma, iko anapiga wenzake, iko vizuri.

Nilirudi asubui nikakuta nyumba imefungwa, na motokari pa kona ya njia, kapo wazi, imejaa maji. Nilizania wezi. Niliingia, nikasukuma kifungo changu kwa mazoea, nikazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja. Majirani walikuwa wanasimama pale wananiangalia.

Ku hospitali, bibi yangu hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Papa ya batoto, ile motokari ulikuwa unaifichia nani?"

Nitasema ukweli juu gazeti hili linasomwa na watu wenye wananijua. Sikuwa ninaifichia wezi peke yao. Nilikuwa naongopa bashemeki. Bandugu ya bibi yangu wanapenda kuazima, na motokari inarudi bila mafuta. Kifungo kilinisaidia kusema "iko panne" bila kusema uongo na kinywa. Na najua sisi wengi tuko vile. Mu kambi, mu kartie, unauliza mwanaume juu gani bibi yake hajui kupesirkwi, anakujibu "siri ya watu wawili siyo siri." Hesabu basi. Fundi anaijua. Mwanafunzi wa fundi anaijua. Rafiki mwenye ulimuonyesha ile siku ya chupa za Simba, juu ulitaka akusifu, anaijua. Mutu wa mwisho kujua ni ule mwenye analala na batoto mu nyumba wakati weye uko chini ya udongo.

Kwa watu wa posti hii siyo jambo dogo. Mwalimu analala kwake kila usiku. Shiye, usiku nusu ya mwezi hatuko. Homa ya batoto haina posti. Mimba haina posti. Motokari yenye inakataa mwizi na inakataa bibi yako, ni nyama ya mutu mumoja, siyo ya nyumba.

Kuna wenye watasema: na tukigombana, atachukua motokari aende nayo kwao? Inawezekana. Ile ni habari ya ndoa, muipeleke kwa wazee; nsinga ya demareri haitaitengeneza.

Kuhusu wale wenye kuja na silaha, nitaenda mbio juu hapa sina mashaka. Kifungo ni cha motokari yenye imesimama na mwenyewe amelala. Mutu akikuwekea bunduki ku dirisha, unashuka, unaacha ufunguo. Akiuliza kama kuna kifungo, unamuonyesha. Watu wengine wanapenda ile ya kuzima moteri nyuma ya dakika mbili, wanasema mwizi atakwama karibu. Ndiyo, atakwama karibu, na bunduki yake, na hasira yake, na anajua nyumba yako. Kwa wenye posti zinaisha usiku hii hesabu siipendi. Motokari inanunuliwa tena. Ile Hiace ya papa ilituumiza miaka mingi, lakini papa alikuwa pale, mu kiti chake, anatuuliza masomo.

Wengine wanasema ni kazi ya polisi, siyo yetu. Ni kweli ni kazi ya polisi. Wanasema nunua trakeri ya kufuata motokari mu telefone. Ni nzuri, kama rezo iko, kama umelipa, kama mwizi hajaing'oa. Na inakuambia motokari iko wapi nyuma ya kuondoka. Wanasema santineli. Santineli iko, na analala, na mushahara wake weye unaujua. Fimbo ya chuma ya kufunga usukani nayo ni nzuri, inaonekana toka inje, na mwizi muvivu anaenda kwa mwengine. Vyote vinaweza kukaa pamoja. Sikatai kimoja.

Lakini musiniambie kwamba kitu kidogo hakisaidii. Mu inchi za Umoja wa Ulaya, tangu 1998 motokari mupya inapaswa kutoka na kinga ya kuzuia moteri isiwake bila ufunguo wake wa kweli. Ni kupesirkwi, ila imewekwa na kiwanda. Marekani hawakulazimisha. Kia na Hyundai nyingi zilizouzwa kule kati ya 2011 na 2021 zilikosa ile kinga. Vijana wakavumbua kwamba ukivunja plastike ya kontakti unaiwasha na kichwa cha kamba ya USB, wakaonyeshana mu TikTok, na wizi wa zile motokari ukapanda mu miji mingi. Mu 2023 viwanda vyenyewe vilianza kutoa programu mupya bure juu ya kufunga ule mulango. Vijana wa kule hawakuwa wezi wa ajabu. Kilichokosa ni kitu kimoja kidogo mu motokari. Na nyingi za motokari zetu, zenye tunavusha Kasumbalesa na kufurahia kwamba bei ilikuwa chini, zinaweza kukosa hii kinga. Muulize fundi kama ufunguo wako uko na chipi. Pengine utakuta hakuna.

Neno kwa wachimbaji wa mukono, wenye hawana Noah lakini wana piki. Piki inaibiwa zaidi, juu vijana wawili wanaibeba. Kifungo hakizuii kubebwa. Munyororo ku muti ao ku chuma, ndiyo kwanza. Lakini kwa ile yenye kuwashwa pale pa shimo na kuondoka, kifungo kinasaidia. Piki nyingi ziko na nsinga ya kuzima moteri yenye inaenda ku boksi ya moto wa boji: ikigusa chuma, moteri inazimika. Fundi anaweza kuipeleka ku kifungo cha siri chini ya kiti. Mujue tu: mwizi akiikata ile nsinga, piki inawaka. Kwa hiyo nsinga isionekane.

Sasa kwangu namna gani. Siku mutoto alitoka hospitali, nilimuonyesha bibi kifungo. Aliangalia, akasema ni mbali sana, mukono wake haufiki na mutoto mu magoti. Alikuwa na haki. Tukang'oa plastike sisi wawili, yeye anashika taa, tukahamisha. Yeye ndiye alichagua mahali. Alipima mara tatu na macho ya kufunga, juu, akasema, umeme wa kartie unakatika na homa inakuja mu giza. Kisha alitia kanuni yake: usiku wenye niko posti, ufunguo wa pili unakaa kwa jirani wa taksi, lakini kifungo anakijua yeye mama peke yake. Jirani akija, mama anaingia naye. Bashemeki bado hawajui. Ile ni yeye aliamua, siyo miye.

Muzee wangu wa karakana, kama unasoma: juma ijayo niko posti ya pili. Leta Noah yako Jumatatu asubui, nsinga niko nazo, relè tutanunua. Na uje na mama.